Fuko la Upanga wa Mbao

11 Februari

Kaka,

Salamu. Hapa nyumbani tu wazima, isipokuwa mama. Natumaini nawe hujambo, pamoja na huyo mjukuu wako ambaye nasikia ndiye anayekutunza siku hizi.

Najua utashtuka kuuona mwandiko wangu. Miaka arobaini na mitatu si mchezo. Barua ya mwisho niliyokuandikia ilikuwa na mstari mmoja: "Usirudi hapa." Siandiki leo kuufuta. Naandika kwa sababu mama ameniagiza, na unajua mama hajui kuandika. Kila neno lake kwako lazima lipite mkononi mwangu. Pengine ndiyo maana hukupata neno lake hata moja.

Macho yake yamekwisha. Anaona mwanga na giza, na kitu kikiwa cheupe sana anakiona kama kipande cha mwezi. Moyo nao umechoka. Wiki iliyopita alinipa ufunguo wa sanduku lake la bati, akaniamuru nitoe kopo lililo juu, kopo tu, nisipekue chini. Ndani ya kopo zimo filamu zetu, mikanda yote minne. Mimi nilidhani askari waliichukua siku ile walipopekua nyumba. Kumbe ule mkanda wa mwisho mwenye studio ya picha ulikofanya kazi aliusafisha akamletea mama kwa siri, naye akakaa nao miaka yote hii bila kunidokeza.

Anataka kumwona Kitinda, mdogo wetu. Amesema: "Mwambie kaka yako amalize kazi yake. Aliahidi atauwasha upanga wa mwanangu." Nikamwambia, mama, aliyekufa hahitaji upanga. Akanijibu, "Nani amekwambia ni kwa ajili yake?"

Haya, nimefikisha. Ukiweza sema, usipoweza sema pia.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na umpe mama shikamoo yangu, umshikie mkono unapoisema. Mimi sijambo kwa umri wangu. Goti la kulia linagoma, jino limebaki la kuhesabika, lakini macho, ajabu, bado ni yale yale ya studio.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za jengo letu, karibu na masanduku ya posta, mpaka jirani akaniuliza kama nimepotewa na ufunguo. Nilimwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Nakumbuka ahadi. Nakumbuka kila kitu, na nikikosea unisahihishe, maana sina mwingine wa kumuuliza. Upanga niliuchonga mimi kwa ubao wa kitanda kibovu. Tuliubandika vile vipande vya karatasi ya kijivu inayowekwa kwenye alama za barabarani. Taa ya studio tuliiweka shavu kwa shavu na kamera, na hapo ndipo palipokuwa na uchawi wote: karatasi ile huurudisha mwanga kule kule ulikotoka. Kwa hiyo kamera iliona moto mweupe mkononi mwa Kitinda, na wewe uliyesimama hatua tatu pembeni uliona mbao na kijivu tu. Ulikuwa unanuna: "Mnaona nini nyie nisichokiona?"

Siku ya mwisho, pale kwenye uwanja wa kiwanda cha matofali, taa ikaungua katikati ya onyesho. Mkanda ulikuwa na chini ya dakika moja. Nikasema tuendelee, upanga nitauwasha mwenyewe baadaye, nitakwangua picha moja moja kwa sindano, kama nilivyokuwa nikiondoa chunusi kwenye picha za wateja. Ndiyo ahadi anayoisema mama.

Na ilikuwepo sheria moja, kwamba upanga hautoki uwanjani bila fuko lake, lile la pazia la bluu alilolishona mama. Sheria niliitunga mimi, kwa sababu nilijua karatasi ile inafanya nini mbele ya taa za gari. Jioni ile Kitinda alitangulia nyumbani na upanga haukuwa ndani ya fuko. Lori la askari lilikuwa limesimama njia panda, taa zimewashwa, na yule askari aliyefyatua risasi amekaa juu ya taa zile, macho yake mahali pa kamera yangu. Majirani wote waliokuwa kando ya barabara waliona kijana wa miaka kumi na tisa na kijiti. Askari yule peke yake aliona upanga unawaka.

Hilo sikuwahi kuliandika. Sasa nimeliandika.

Nipeleke nini kwa mama kama si hicho alichokiomba? Hapa mjukuu wangu na wenzake wanatengeneza filamu zao, wanashika mabomba ya plastiki, kisha wanachora nuru kwa kompyuta. Nimemwambia anifundishe. Amesema, "Babu, hiyo ni kazi ya dakika tano." Nimemwambia mimi nataka ile ya miezi mitatu. Mtafute fundi aigeuze filamu kuwa picha za kompyuta, unitumie onyesho la mwisho.

Kaka yako


25 Machi

Kaka,

Salamu. Mama anasema marahaba, na anauliza kama unavaa soksi. Nimemwambia una miaka sabini. Amesema, "Sijauliza umri."

Kadi ya kompyuta yenye picha nimeifungia ndani ya bahasha hii, imeviringishwa kwenye pamba. Fundi aliyezigeuza ana duka dogo karibu na kituo cha mabasi, anatengeneza simu na kuunganisha redio. Amezihesabu: onyesho la mwisho ni picha mia saba thelathini na nane, sekunde arobaini na moja. Amesema zina mikwaruzo lakini zinaonekana. Mimi sijazitazama. Alipoziweka kwenye kioo cha kompyuta nilitoka nje nikanunua sindano za kushonea nisizozihitaji.

Mama ametoa amri, nami naiandika kama ilivyo: "Asikate hata picha moja. Hata iliyoharibika. Zote za mwanangu nizione." Kwa hiyo ukirudisha mia saba thelathini na saba atajua, maana mimi nitamwambia.

Usidhani barua yako imenilainisha. Niliisoma mara moja tu. Unasema "haukuwa ndani ya fuko" kana kwamba fuko lilikuwa na miguu.

Mdogo wako


30 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu zangu za dhati. Mwambie mama soksi ninazo, jozi mbili kwa wakati mmoja.

Nimefika picha ya mia tatu na kumi. Sikiliza nifanyavyo, maana wewe ndiye uliyekuwa msaidizi wangu, na mjukuu ameshachoka kunisikiliza. Kwanza nachora mstari mwembamba mweupe kabisa juu ya upanga, kutoka mpini hadi ncha. Juu yake naweka wa pili, wenye rangi ya samawati, kingo zake nimezififisha. Kisha wa tatu, mpana kidogo, hafifu kama pumzi kwenye kioo. Mwanga lazima uguse kidevu cha Kitinda na sehemu ya ndani ya mkono, la sivyo upanga utaonekana umebandikwa. Anapouzungusha kwa kasi, nisichore fimbo, nichore upepeo. Na nuru isimwagike. Unakumbuka nilivyokuwa nikikufokea? Upana wa kidole kimoja kila upande, ikizidi hapo ni moto wa takataka, si upanga.

Mjukuu amejifunza hilo sasa. Jana alipita nyuma yangu akasema, "Babu, imemwagika," nikafuta picha nne.

Kumbe nilikuwa nimesahau jinsi Kitinda alivyokuwa mchekeshaji! Katika picha ya mia na arobaini mdomo wake umebinuka, anafanya "zzzum, zzzum" kila anapokata hewa. Nilimwambia mara mia, filamu hii haina sauti, unajichosha bure. Akanijibu, "Kaka, mimi siwezi kupigana kimya." Na wewe ulikuwa adui, ndani ya koti la mvua la marehemu baba, umeteleza kwenye matofali ukakaa chini kwa heshima zote, na yeye badala ya kukuua akakusaidia kuinuka. Ilibidi tuanze upya.

Nafanya picha kumi kila asubuhi, siku nyingine kumi na tano. Kwa hesabu hiyo mwisho wa Mei, nikichelewa sana katikati ya Juni, zitakuwa njiani.

Kaka yako


19 Mei

Kaka,

Hujambo? Nakuuliza kwa kweli safari hii, si kwa desturi. Sisi tunasukuma siku.

Nimemsomea mama barua yako mara tatu. Pale pa koti la mvua alicheka mpaka nikamshika kifua, nikiogopa moyo wake. Akasema, "Ulianguka kama gunia, na ulinificha suruali iliyochanika." Kumbe alijua. Mama anajua mambo mengi ambayo hasemi.

Nami nimecheka, na baadaye nikakasirika kwa kuwa nimecheka.

Nikwambie ninachokiona miaka yote. Nakuona umesimama pale uwanjani, kamera shingoni, mikono mitupu. Fuko halimo mkononi mwako. Nakumbuka taa ilipasuka, nakumbuka harufu yake. Kisha nakumbuka milio ya risasi kutoka njia panda. Katikati hapo pameoza, sina kitu. Nilifika nyumbani nikimlilia mama mlangoni, akanipokea mzigo. Taa haikuonekana tena, wala fuko. Mama alisema askari waliondoka navyo. Na wewe, siku mbili baadaye, hata hatujamzika, ukawa umeshavuka mpaka. Najua walikuwa wakimtafuta aliyetengeneza ule upanga. Najua kwa kichwa. Lakini nilimzika peke yangu na mama, kaka. Udongo nilishika mimi.

Nataka nikuulize kitu kimoja kabla mama hajaondoka, maana nikimzika na yeye bila jibu sitakuandikia tena. Fuko lilikuwa kazi yako. Ulilisahau, au ulilipuuza? Mtu aliyesahau naweza kukaa naye kwenye meza moja. Aliyepuuza, siwezi. Jibu wazi, usinipambie.

Mdogo wako


28 Julai

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa mama. Samahani kwa ukimya. Mkono ulikuwa na ganzi, nikaupumzisha.

Kazi imekwisha. Kadi iko ndani ya bahasha. Picha mia saba thelathini na nane, hesabu mwenyewe, hakuna niliyoikata. Mtafute yule fundi akuwekee kwenye kioo kikubwa, na mama akae karibu, hatua mbili tu.

Mwishoni kabisa, ile sekunde moja ya mwisho ambapo onyesho limekwisha na Kitinda anaijia kamera, utaona nuru imepanuka kuliko kawaida yetu. Nimefanya makusudi, kwa ajili ya macho ya mama. Usinicheke.

Uliuliza kuhusu fuko. Jibu langu ni hili, na nakuomba usiniulize tena. Fuko lilikuwa kazi yangu, nami nililisahau. Sikupuuza, nilisahau. Wewe hukuwa na kosa lolote. Ulikuwa umechuchumaa na ile taa ya moto, unaiokoa ili mimi nisifukuzwe kazi studio. Ukitaka kumkumbuka mtu wa jioni ile, mkumbuke msichana huyo. Alikuwa na roho nzuri.

Mwambie mama nimemaliza.

Kaka yako


20 Agosti

Kaka yangu,

Salamu, na asante. Sijui nianzie wapi.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Fundi alikuja na kioo chake kikubwa amekikumbatia kama mtoto mchanga. Tulishusha mapazia. Mama alivaa gauni lake la kutokea. Nilimwambia ni filamu ya sekunde arobaini na moja, akaniambia nimfunge vifungo, ninyamaze.

Mimi nilimtazama mama, sikukitazama kioo. Kwanza hakuona kitu. Akawa anageuza kichwa kama kuku anayesikiliza. Kisha akasema, "Ule pale." Alikuwa anaufuata upanga kwa kidole. Juu, chini, akakizungusha. Akaanza "zzzum, zzzum" kwa mdomo wake, mama yetu, na meno yake mawili. Fundi akageukia ukutani.

Pale mwishoni nuru ilipojaa kioo kizima, mama alisimama. Sijui nguvu alizitoa wapi. Akaweka viganja vyake viwili kwenye kioo akasema, "Amekuja. Amekuja karibu." Fundi alitaka kuizima, nikamwambia amwache. Tulirudia mara sita, na mara zote sita alingoja mwisho ule ule. Kwa hiyo ulifanya vema kuipanua, nami ninaondoa kicheko changu kabla sijakicheka.

Sasa langu. Umenijibu wazi kama nilivyokuomba. Ulisahau. Watu husahau. Nilisahau jiko linawaka juzi, nyumba ingeungua na mama ndani. Kaka, nimekusamehe. Nimeliandika hapa ili usiseme hukulisikia. Kile kistari cha "usirudi hapa" sasa nakifuta. Mama alikuwa macho niliposema naandika hivi. Akasema, "Mwandikie kwa herufi nzuri."

Mdogo wako, akupendaye


9 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu. Barua yako ninayo mfukoni, si ndani ya kabati.

Msamaha wako nimeupokea. Nimekuwa nikiungoja tangu nina nywele nyeusi, na sasa umefika sina la kusema ila asante. Mjukuu ananiuliza kwa nini babu analia na ameandikiwa habari njema. Nimemwambia ni macho ya uzee.

Karatasi zangu za kusafiria bado zina mzozo wake wa siku zote. Ofisi inataka cheti cha nyumba ambayo haipo tena. Lakini nimejaza fomu upya. Mwambie mama angoje kidogo.

Kaka yako


3 Desemba

Kaka,

Salamu zimenikauka, unisamehe. Mama hakungoja. Aliondoka tarehe kumi na nne Novemba, mchana, nikimchana nywele. Nilidhani amesinzia, nikaendelea mpaka nikamaliza. Amelala karibu na Kitinda. Udongo nilishika mimi tena, lakini safari hii nilishika mara mbili, moja yako.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya sanduku.

Nilifungua ili nigawe nguo zake. Chini kabisa, chini ya shuka za harusi yake, palikuwa na furushi. Lilikuwa la pazia la bluu. Nililijua kabla sijaligusa. Lilikuwa fuko, kaka, na ndani yake taa, vioo vyake bado vimepasuka vile vile. Kamba ilikuwa imefungwa fundo langu, lile la kitanzi kimoja na mkia mrefu, ambalo mlikuwa mkinicheka mkisema nafunga kama ninayechunga mbuzi. Hakuna mtu mwingine duniani anayefunga hivyo. Na mama hakulifungua siku zote hizo, kwa sababu kama angelifungua asingeweza kulifunga tena likawa langu.

Mimi ndiye niliyelichukua. Taa ilikuwa ya moto, sikuweza kuishika kwa mkono, nikaogopa utafukuzwa kazi. Nililichukua fuko la upanga nikaifunga taa. Kitinda akaondoka na upanga wazi.

Mwenye studio alikuja kuulizia taa yake wiki ile, nakumbuka. Mama alimtazama usoni akasema askari wameichukua. Nilishangaa, kwa sababu mama hakuwa mtu wa uongo. Sasa najua alikuwa hafichi taa. Alikuwa na watoto watatu. Mmoja amekufa, mmoja yuko mbali, mmoja yumo ndani ya nyumba naye. Akachagua wa kuachiwa lawama. Akamchagua wa mbali. Alikula nami meza moja miaka arobaini na mitatu, ananisikia nikikuita muuaji, na ananipitishia chumvi.

Kisha nikaisoma tena barua yako ya Julai. "Ulikuwa umechuchumaa na ile taa ya moto." Mimi sikuwahi kukuambia nilichuchumaa. Nilikuwa sikumbuki. Umejuaje?

Nikaenda kwa fundi nikamwambia aniwekee ile sekunde ya mwisho, picha kumi na nane, moja baada ya nyingine. Nilikitazama kioo safari hii. Kaka, wewe hukuwahi kumwaga nuru maishani mwako. Upana wa kidole kimoja, ulinifokea mpaka nikalia. Na hapa imemwagika mpaka ukingo wa kushoto, na ukingo wa kushoto ndipo nilipokuwa mimi. Uliniona. Katikati ya kazi uliniona na fuko mikononi, ukajua baada ya miaka yote hiyo kwamba si wewe, ukakaa miezi miwili, ukanifunika. Kisha ukaniacha nikusamehe! Ukaandika asante!

Mama alinifunika kwa shuka, wewe ukanifunika kwa nuru. Nimechoka kufunikwa.

Fundi alitaka nimletee ule mkanda aweke tena zile picha za mwanzo. Sikutaka. Nataka wewe uliyenifunika, wewe unifunue. Upanga uache uwake katika zile nyingine zote, mama aliupenda. Hizi kumi na nane za mwisho zifute nuru. Nataka nionekane.

Mdogo wako


17 Januari

Mdogo wangu,

Pole, mwanamke uliyezika peke yako mara mbili. Salamu sina njia ya kuziandika kwa leo. Zichukue tu, zipo.

Kuhusu mama sina kinyongo, na nakuomba nawe usiwe nacho. Aliniweka mahali ambapo ningeweza kubeba. Wewe ungekuwa unaupita kila siku mlango ule alipokupokea mzigo.

Kuhusu mimi, sitajitetea. Ilikuwa picha ya mia saba ishirini na moja. Niliona mikono yako na lile pazia, nikazima mashine. Sikuupumzisha mkono kwa ganzi, nilikuwa nimekaa tu. Nilitaka kuzikata, mama alikuwa ameshakataza. Kwa hiyo nikaimwaga nuru.

Nimefanya ulivyoomba. Nimefuta asubuhi moja, kazi iliyonichukua wiki. Mjukuu alisikitika, alisema pale mwisho palikuwa pazuri kuliko pote. Nilimwambia palikuwa pabaya kuliko pote, na akitaka kuwa fundi ajue tofauti.

Sasa kaa chini, maana kuna kitu.

Nilipokuwa nikikufunika, nilitazama mikono yako tu. Nuru niliyoimwaga ilikufunika wewe, na njiani ikamfunika na yeye uso. Sikuwa nimemtazama. Nilipoifuta ndipo nilipomwona. Kitinda hajii kwenye kamera kwa kucheza, kama tulivyodhani. Ameulaza upanga juu ya viganja vyake viwili, amenyoosha mikono, kama alivyokuwa akifanya kila siku ili tumtilie ndani ya fuko. Katika ya mia saba ishirini na tatu mdomo umefungwa. Katika ya ishirini na sita umeviringika. Katika ya thelathini na moja umefunguka. Huhitaji ufundi kusoma. Anauliza, "Fuko?"

Ananiuliza mimi kwanza, anatazama lenzi. Kufikia ya thelathini na tano ameshageuza macho upande wa kushoto, kwako. Kisha mkanda umekwisha, na uso wake umebaki katikati yetu.

Hakusahau, unaona. Sisi wawili ndio tuliopigania nani alisahau. Yeye alikumbuka, akauliza, na mmoja wetu akamjibu, kwa sababu aliondoka. Nimekaa siku nne najaribu kuisikia sauti yangu ikisema, "Nenda hivyo hivyo, si mbali." Kuna wakati naisikia. Kuna wakati naisikia ikiwa yako. Filamu haina sauti, na yeye aliyekuwa hawezi kupigana kimya, hapo alipokuwa anasema jambo la maana kuliko yote, hasikiki.

Picha kumi na nane zimo ndani ya bahasha. Unaonekana, kama ulivyotaka: una miaka ishirini na miwili, umejikunyata juu ya taa, umeuma ulimi kwa sababu ya fundo. Mimi sionekani, lakini ananitazama. Upanga hauwaki. Ni ubao wa kitanda na karatasi ya kijivu, juu ya viganja viwili vilivyonyooshwa.

Ukikumbuka tulimjibu nini, niandikie.

Kaka yako